Mfumo Uliokwama Kibaoni

Juzi nilikuwa kwenye duka la kutoa kopi pale Kibaoni. Mbele yangu kijana mmoja alimkabidhi mama mwenye duka tangazo la kuchapa: "Wanahitajika watu wa kujitolea kumalizia mfumo endeshi wa kompyuta. Hakuna malipo."

Mama alilisoma, akavua miwani. "Mwanangu, hata wachimba kaburi hupewa ugali."

"Lakini mfumo huu ni mali ya wote, mama. Yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha."

"Mali ya wote ni kama kisima cha mtaa. Wachotaji tele, wa kukisafisha hawaonekani."

Kijana akafungua kompyuta yake ili amwonyeshe mfumo huo. Ikawaka nusu, ikaganda. Vijana wawili waliokuwa kwenye foleni wakasogea bila kuitwa.

"Imekwama kusoma diski," akasema mmoja, fundi simu.

"Diski gani? Kosa liko kule mwanzo," akajibu mwenzake, huku akivuta kiti.

Wakabishana, wakafuta mistari ya programu, wakaandika upya.

Sisi ndivyo tulivyo. Omba watu waje kesho kukusukumia gari, kila mtu ana shamba la kupalilia. Likwame tu kwenye tope la barabara ya Mlimba, hata mwenye suti atavua viatu, na wote watakuwa madereva.

Mfumo ukawaka. Wale wawili wakapongezana, wakakumbuka kopi zao, wakageuka. Kijana akawatazama, kisha taratibu akafuta mstari mmoja waliouandika. Kioo kikaganda tena.

Wakarudi. Safari hii hata mama alivaa miwani, akasogea.