Mishale Yangu Inawapeleka Wazazi Chumba cha Kufulia

Ndugu msimamizi wa ukurasa, naomba ulifiche jina langu. Nina umri wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa uchoraji wa kiufundi, mkazi wa Kanazi.

Mwaka jana, kijana niliyemfundisha Muleba, ambaye sasa hutengeneza mabango, alinijia kwa heshima zote za Kihaya. "Waitu Mwalimu, nimepata kazi ya vibao vya kuelekeza wagonjwa katika jengo jipya la afya la chuo kikuu, hapa Bukoba. Nisaidie, tutaifanya wote." Nilikubali. Nilipima kila korido. Niliwaleta akina mama wazee wa Izimbya wasiojua kusoma, nikawaacha mlangoni, nikawafuata nyuma nione wanapopotea. Ndipo nilipochora mstari wa rangi ukutani kwa kila idara, na mshale mkubwa kila kona. Mwekundu ni wa wodi ya wazazi.

Aliiwasilisha michoro kwa jina lake. Nilipomuuliza mbele ya mafundi, alicheka. "Mzee, wewe ulishika futi kamba tu. Nenda kapalilie migomba yako." Fundi mmoja akadakia, "Pole mzee, kamba ilikuwa nzito?" Wakaangua kicheko. Kijana huyo mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli!

Sasa sikilizeni. Alichukua mchoro wa kwanza. Baadaye chuo kilihamishia mlango mkuu upande wa pili, nami, kabla sijajua ujanja wake, nikachora upya. Mchoro huo uko kabatini kwangu. Yeye alinakili ukutani ule wa zamani bila kupima. Jana nilipita pale. Ukiingia na kufuata mstari mwekundu, unafika chumba cha kufulia mashuka.

Ufunguzi ni Ijumaa ijayo, na yeye ndiye atakayewaongoza wageni. Natamani nimwone akiwafikisha wakubwa kwenye mabeseni ya sabuni. Suti yangu nimekwisha kuipiga pasi.

Mke wangu amenikasirikia. "Wageni watacheka waende zao. Jumatatu yake mke wa mwanao amepangiwa kujifungulia humo. Na yeye utamcheka?"

Nikamjibu kwamba mchoro nitautoa Ijumaa, aibu ikishamwingia.

"Kupaka upya ni kazi ya wiki nzima, na wewe unajua."

Najua. Nikiutoa leo, wagonjwa hawatapotea, naye atapigiwa makofi kwa kazi yangu. Moyo wangu unakataa kabisa. Nishaurini, nifanye nini? Mke wangu amekwisha kulifungua kabati, na amesimama mlangoni ananisubiri.