Mahali pa Kumlilia Ondoga

Kama umewahi kufiwa kule chini, pembezoni mwa Awindiri mjini Arua, basi chakula cha msiba wako kilipita mikononi mwa Eyotaru. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa anafika tu, kitenge kimekazwa kiunoni, anauliza masufuria yako wapi, anawafukuza wanawake wanaopiga soga karibu na kuni, na wewe hujamaliza hata kufuta machozi, maharage yanatokota. Mdomo wake haukuwa na breki. Alimwambia hata katekista ahamishe kiti chake, amekaa kwenye njia ya maji. Watu walimnung'unikia pembeni, lakini mtu akifa, jina la kwanza kuitwa lilikuwa lake.

Na msiba wa watu wa Arua si mambo ya kukaa sebuleni na kupeana pole kwa sauti ya chini. Watu wanakuja na mikeka yao na wanalala. Wanaimba, wanapiga ngoma, wanacheza mpaka vumbi linatimka, maana marehemu haondoki kimyakimya kama mwizi. Wanaume na moto wao, wanawake na wao. Halafu kuna wajomba, watu wa upande wa mama yake marehemu. Hao wana mahali pao. Wanapokewa, wanakalishwa, wanapewa maji, ndipo wanaanza kulia. Wakikosa pa kukaa hawalii, na mtu ambaye wajomba zake hawakumlilia, jamani, huyo amezikwa nusu.

Sasa mji ulipoanza kuteremka kuja kwao, kila aliyenunua kiwanja alianza na ukuta. Ukuta kwanza, nyumba baadaye. Palipokuwa na mashamba ya muhogo na karanga pakawa na mageti ya chuma. Siku alipokufa mama yake Scovia, jirani wa Eyotaru, waombolezaji walikaa barabarani kwa sababu uani palikuwa pamejaa. Likaja lori la saruji, likapiga honi. Watu waliinuka na sahani zao mikononi, bibi kizee mmoja akabebwa na mkeka wake. Eyotaru alisimama mbele ya lori na mwiko mkononi, akamtukana dereva matusi ambayo sitayarudia hapa. Dereva akapita vilevile.

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Mume wake Ondoga alikuwa barazani anaziba tairi la baiskeli. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na alikuwa mtu wa maneno machache, wala huwezi kujua alivumiliaje ndoa ile.

"Baba Onzima, siku yetu ikifika, watu watakaa wapi?"

"Watakaa mahali watu wanakaa."

"Mahali gani? Nionyeshe!"

Ondoga alitazama kuta za majirani, akarudi kwenye tairi lake. Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia Eyotaru na kukataa kutoka.

Ndipo akaja Juliet. Huyu alikuwa dada wa kampuni ya kujenga nyumba, mpole, viatu vimejaa udongo mwekundu, ana ramani kubwa aliyoibandika kwenye ukuta wa kanisa. Kampuni ilikuwa imenunua mteremko wote wa juu. Ingejenga nyumba nyingi za kuuza, lakini Juliet alisema nyumba bila mahali pa kupumua ni ghala la watu. Alitaka njia ya kutembea kando ya kijito, na katikati uwanja wa wazi wenye miti na viti. Shida ni kwamba hapo katikati palikuwa na mashamba ya wenyeji. Kila familia iliombwa itoe kipande. Kampuni nayo ingeleta barabara na bomba, na vijana wao wangepewa kazi.

Watu waliokusanyika pale kanisani walinung'unika. Eyotaru akasimama.

"Na msiba?"

"Msiba gani, mama?"

"Wetu. Tukifiwa, tutaingia pale na masufuria yetu, na moto wetu, na ngoma yetu?"

Juliet hakusita. "Mama, ni uwanja wenu. Hata msiba. Mtaingia."

Nasema hivi kwa haki: yule dada hakuwa mwongo. Alimaanisha alichosema. Ubaya ni kwamba maneno yake hayakuwa na mwenyewe baada ya yeye kuondoka, na hilo Eyotaru hakuliwaza hata kidogo.

Alipita nyumba kwa nyumba. Mgumu kuliko wote alikuwa Léontine, Mama Christelle, mfanyabiashara wa mawese aliyetoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, yeye na mume wake Raphaël.

"Mama Onzima, mimi niko mutu wa Congo. Hii kiwanja nilinunua kwa jasho. Nikitoa, nani atanirudishia?"

"Haya, kaa nacho. Lakini Raphaël akifa hapa, watu wa Ariwara wakija wamejaa kwenye malori, utawakalisha wapi? Juu ya mitungi ya mawese?"

Raphaël alicheka mpaka akakohoa. Léontine alikunja uso, lakini alitoa. Mmoja baada ya mwingine walitoa, kwa sababu Eyotaru alikuwa amewapikia wafu wao wote na ilikuwa aibu kumkatalia. Kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Ondoga mwenyewe, karibu shamba lake lote la muhogo. Hakubishana. "Wewe ndiye unajua mambo ya msiba," alisema tu.

Bustani ikajengwa, na ilikuwa nzuri, asikudanganye mtu. Miti michanga ilishika, majani yakafunika udongo, njia ya changarawe ikafuata kijito mpaka kwenye daraja la mbao. Juliet alihamishiwa Kampala hata viti havijakauka rangi. Nyumba za juu zikajaa watu wenye magari, wakaunda kamati yao, na kamati ikaweka uzio. Eti kuzuia ng'ombe. Baada ya uzio likaja geti, na kwenye geti kibao: hakuna moto, hakuna kupika, hakuna ngoma, hakuna mkusanyiko bila kibali cha kamati.

Léontine ndiye aliyemsomea Eyotaru kibao kile, neno kwa neno, akimtazama usoni. Eyotaru alicheka.

"Hayo ni ya wageni, Mama Christelle. Sisi wenye ardhi yanatuhusu nini? Na tena ufunguo unalala nyumbani kwangu."

Kweli, ulilala kwake. Kazi ya ulinzi alipewa mtoto wake Onzima, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyekuwa amehangaika miaka kwa vibarua vya kubeba mizigo. Walimpa sare, filimbi na ufunguo wa geti. Nadine, mke wake, aliifua sare ile kama nguo ya padri. Eyotaru alipoona mtoto wake anapita asubuhi na ufunguo unaning'inia, moyo wake ulitulia. Alidhani ameshinda.

Halafu Ondoga akaugua tumbo. Hospitali ikamlaza, ikamrudisha, ikamchukua tena, na Ijumaa akafa.

Jumamosi ndugu wa baba yake walifika kutoka Aroi, na hao peke yao waliujaza ua wote. Uani palibaki nini? Nyumba, jiko, na vijana wanachimba kaburi kando ya ukuta wa chumba. Udongo wa kaburi wenyewe ulikosa mahali, wakaumwaga mlangoni. Na wajomba walikuwa njiani kutoka Koboko, kwani mama yake Ondoga alikuwa mtu wa huko.

Eyotaru alimpigia simu Simon, mwenyekiti wa kamati ya bustani.

"Pole sana, mama," Simon alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Lakini kibali kinatolewa na kikao. Kikao ni wiki ijayo."

"Nimwambie marehemu asubiri?"

"Mama, sheria si yangu peke yangu. Nikiruhusu huu, kesho watakuja wengine."

"Ndiyo, watakuja! Watu wanakufa, Simon! Ulidhani wataacha?"

Simu ikakatika. Sijui ilikatika yenyewe au ilikatwa.

Wajomba walifika mchana. Lori likasimama barabarani, wanawake wakashuka na mikeka kichwani, wanaume na ngoma zao, na mbele yao Laku, mdogo wa mama yake Ondoga, mzee mrefu aliyevaa koti zito kwenye jua lile. Walisimama upande mmoja wa barabara. Mbele yao palikuwa na ua usioingilika, na nyuma yao, ng'ambo ya uzio, bustani ilikuwa tupu. Majani yamekatwa vizuri. Mtu mmoja mwenye viatu vya mazoezi alikuwa anakimbia kwenye changarawe, akawatazama, akaendelea.

"Mama Onzima," Laku alisema, "sisi nafika. Sisi nakaa wapi?"

"Ngoja kidogo tu, mjomba. Naomba kidogo."

Boda boda zikawa zinapenya katikati yao. Gari la kwanza lilipiga honi, wakasogea. La pili likapiga, wakasogea tena.

Eyotaru alimvuta Onzima mpaka getini. Siku ile Onzima hakuvaa sare, alikuwa mfiwa. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni, mama yake aliona umbo lake kwenye suruali.

"Fungua."

"Mama, siwezi."

"Onzima. Wajomba wa baba yako wamesimama barabarani kama watu wanaosubiri usafiri. Fungua wakae."

"Nikifungua wananifukuza leo hii. Wanatutazama kutoka madirishani, geuka uone." Onzima alikuwa analia, machozi yanamtiririka na hayafuti. "Watoto wangu watakula nini? Wewe mwenyewe utakula nini? Shamba hatuna tena, mama. Shamba ni hili hapa."

Na hapo alisema kweli, ndiyo maana ilimchoma Eyotaru kuliko tusi. Alipeleka mkono mfukoni mwa mtoto wake, kama alivyokuwa akimpekua zamani akitafuta sukari ya wizi. Onzima akaushika mkono ule. Hakuushika kwa nguvu, lakini aliushika, na mama yake alipouvuta, hakuuachia. Mama na mwana wakavutana pale getini, siku ya kumzika baba, mbele ya wajomba wa Koboko na watu wote wa Aroi. Wanawake wakafunika midomo.

Laku aliona. Alisubiri mpaka walipoachana, mikono mitupu yote miwili na ufunguo bado mfukoni, ndipo akasogea. Hakupandisha sauti.

"Basi, Mama Onzima. Sisi nashukuru. Mtoto yetu hana mahali ya kuliliwa hapa."

"Mjomba, nakupigia magoti."

Alipiga kweli, palepale kwenye vumbi. Laku alimwinua kwa adabu, akampangusa kitenge, akageuka. Mikeka ilirudi kwenye lori ikiwa bado imekunjwa. Ngoma hazikupigwa hata pigo moja. Lori liligeuka kwa shida kwenye barabara nyembamba ile, likaenda zake.

Ndiyo msiba wa kwanza ambao Eyotaru hakuuliza masufuria yako wapi. Alikaa mlangoni kwenye udongo wa kaburi, ametumbua macho. Léontine alichukua mwiko akapika, na alipomletea sahani hakuweza kujizuia.

"Tulikupa ardhi, Mama Onzima. Wewe ndiye ulituambia."

"Mimi ndiye," alisema Eyotaru.

Walimzika Ondoga jioni, kwa haraka. Upande wa mama hapakuwa na mtu wa kutupa udongo. Waliotoka Aroi waliondoka wakiongea chini chini barabarani, na kila mtu alijua wanaongea nini.

Jumatatu Onzima alivaa sare. Alipita mbele ya mama yake bila kumtazama, akaenda kufungua geti, na wakimbiaji wa nyumba za juu wakaingia. Eyotaru akaingia nyuma yao. Hakuna aliyemzuia, mtu mmoja si mkusanyiko. Alivuka changarawe, akafika katikati ya majani, akakaa chini miguu imenyooka mbele. Akaanza kulia.

Si kulia kwa kitambaa. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, ile ya kuita ukoo kutoka mbali. Akamwita Ondoga kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa jina la mama yake wa Koboko, akiwalilia wajomba walioondoka, akijibu mwenyewe mahali ambapo wao wangejibu. Wakimbiaji walisimama. Wakatoa vitu vyao masikioni. Mama mmoja wa nyumba za juu akashika mkono wa mtoto wake, akaenda getini kuongea na mlinzi.

Onzima alikuja polepole, filimbi shingoni.

"Mama, twende. Watu wamelalamika."

"Baba yako amekufa."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua, ungefungua."

Onzima aliisogeza filimbi mgongoni. Kisha akainama, akamshika mama yake chini ya kwapa, akamwinua. Eyotaru hakupigana naye. Alitolewa mpaka barabarani, na mlinzi akarudi kwenye kazi yake.