Shughuli ya Bi Mwanasiti

Bi Mwanasiti wa Mabawa, Tanga, aliingia kwenye uandishi wa filamu kwa sababu ya dharau, na hakuwa mtu wa kuficha. Kila jioni alikaa mbele ya televisheni ya mpangaji wake, Nasra, akitazama filamu za kwetu huku akizichambua kama mchele wenye chuya. Mwanamke kalala usiku kucha, kaamka wanja umetulia na mdomo unang'aa. Mgonjwa mahututi, kitandani kavaa saa ya mkononi. Mtu kapigiwa simu kaambiwa babake kafariki, anauliza, "Unasema baba amekufa?" Kisha anamgeukia mwenzake, "Baba amekufa," na mwenzake naye anauliza, "Baba amekufa?"

"Ee, kafa," Bi Mwanasiti aliijibu televisheni. "Mzikeni basi, watu wana njaa."

Nasra alivumilia miezi, mwisho akachoka. "Bi mkubwa, kama wewe unajua, si uandike yako?"

Lilikuwa neno la kumnyamazisha tu, lakini Bi Mwanasiti alilichukua kama mtu aliyetukanwa. Kesho yake alinunua kaunta buku mbili, zile nene za kwata nne, akajifungia.

Wenye Mabawa walimjua kwa kazi nyingine. Alikuwa mwalishi: ukiwa na shughuli ya wanawake, harusi, arobaini ya mtoto, hitima, unamtuma yeye apite mlango kwa mlango akaite watu. Kwa maana mwanamke wa huku haji shughulini kwa kusikia. Kadi anaweka juu ya kabati, ujumbe wa simu anausoma na kuusahau. Anakuja akigongewa mlango, akaitwa kwa jina lake, akaambiwa, "Nimetumwa na fulani, Jumamosi ana shughuli yake, anakutaka." Usipomgongea, hata kama ukuta wenu ni mmoja, haji, na mwaka mzima utasikia kwamba hakualikwa. Na mwenye shughuli hajialikii mwenyewe. Anatuma mtu. Ukijipitisha milangoni kuitia watu la kwako, watasema huna watu, au huna haya.

Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini, tangu marehemu mumewe Suleimani, aliyemwoa kutoka Mkwaja, alipomwacha na nyumba ya vyumba vinne na hakuna mtoto. Alizijua nyumba zote kwa ndani. Alijua nani anagombana na nani, nani anapika uani na nani ananunua chakula akasema kapika. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na shughuli. Hakuwa na binti wa kuoza wala mjukuu wa kumtoa nje. Mtu akimkumbusha hilo, alisema shughuli ni fujo na upotevu wa mchele.

Hadithi yake ilikuwa ya Mwanahawa, mwanamke anayemuuguza mavyaa wake, mama wa mumewe, miaka saba. Anamgeuza kitandani, anamlisha kwa kijiko. Mwaka wa saba anarudi mapema kutoka sokoni, anamkuta bibi kizee uani anacheza chakacha peke yake. Aliiita *Mavyaa Haumwi*. Akajaza daftari mbili, akajisomea, akaridhika. Kilichobaki ni kujua filamu huandikwa kwa mtindo gani, na hilo ndilo lililompeleka Raskazone.

Raskazone kulikuwa na nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani, dari imeoza upande mmoja, ambamo kijana mmoja Mshambaa aitwaye Manase alifundisha uandishi wa skripti Jumamosi sita. Manase alisoma Dar es Salaam miezi minane na kurudi na kofia. Wanafunzi wake walikuwa tisa, na wanane walitaka kuigiza, si kuandika. Mmoja, Blessing, hata kalamu hakuja nayo. Alikuja na taa ya kujipigia picha.

"Shikamoo, mama," Manase alimwambia Bi Mwanasiti siku ya kwanza, akidhani amemleta mwanawe.

"Marahaba. Nimekuja kusoma. Anza."

Alisoma ukurasa wake wa kwanza kwa sauti. *Mwanahawa amesimama jikoni anamkumbuka marehemu mama yake na anajisikia mpweke mno.* Manase akavua kofia, akajikuna. "Mama, hapa kamera itaona nini?"

"Itaona anakumbuka."

"Kamera haioni kukumbuka. Inaona mikono. Anafanya nini?"

Wale watoto wa taa walicheka. Bi Mwanasiti aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakaacha, kisha akatoka zake bila kuaga, na ndani ya bajaji alimsema Manase njia nzima. Kijana wa juzi, hajui hata kufunga kikoi, ati anamfundisha yeye kuona. Lakini usiku ule hakulala. Asubuhi alifuta sentensi ile na kuandika nyingine: *Mwanahawa anapanga sahani tatu mkekani. Anazitazama. Anairudisha moja kabatini.* Aliisoma mara tatu. Akamchukia Manase zaidi, kwa sababu alisema kweli.

Jumamosi zote sita alikwenda. Alikata maneno kama mtu anayekata kucha: akianza na moja lazima amalize zote. Daftari mbili zikawa moja, moja ikawa kurasa themanini na nne. Mwisho wa kozi, Manase alipigana na rafiki zake wa Dar mpaka wakamwazima kamera, na filamu ikapigwa kwa wiki tatu, uani kwa Bi Mwanasiti mwenyewe. Mavyaa aliigizwa na Beatrisi, mama mmoja Mlutheri mwimba kwaya, na Bi Mwanasiti alikiri, kwa shida, kwamba yule mama anajua kuumwa.

Ikabaki kuitembeza. Kuna dada wa Dar, Leticia, aliyekuwa akiinunulia filamu kampuni moja inayozionyesha kwenye simu. Alikubali kuja Tanga kuitazama pamoja na watu. Akiipenda, na akaona watu wa Tanga wenyewe wanaipenda, ataichukua, na jina la mwandishi litakwenda nayo kila mahali. Usiku, peke yake, Bi Mwanasiti aliandika jina lake kwa herufi kubwa nyuma ya daftari, kisha akaichana ile karatasi kwa aibu.

Manase akakodi ukumbi hapo Mabawa, akaanza matangazo. Akabandika mabango. Akajaza mitandao. Akakodi bajaji yenye spika ikazunguka Mabawa siku mbili ikipiga kelele, filamu, filamu, Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbini, bure!

Bi Mwanasiti alisikiliza bajaji ikipita dirishani, akatikisa kichwa. Bajaji ya spika Mabawa hutangaza dawa ya panya, maji kukatika, na wagombea. Hakuna mwanamke aliyewahi kuvaa vizuri akatoka kwa sababu ya bajaji. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini Tanga, na hakusema. Angesema, angeulizwa basi tufanyeje, na jibu lilikuwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa tayari. Mwenye shughuli hajialikii.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia Nasra, akajifunga kanga kifuani kwa nguvu.

Methali hiyo aliipenda hasa kwa ajili ya Tausi. Tausi aliuza mikate ya kumimina nyumba ya saba kutoka kwake, na alijitangaza bila haya: kila asubuhi uso wake kwenye simu za watu, mkate huku, shavu huku, "Jamani wateja wangu, umetoka jikoni sasa hivi!" Bi Mwanasiti alimwita Bi Matangazo. Mkate wa Tausi ulikuwa mzuri kweli, na hilo nalo lilimkera.

Jumamosi ilifika. Viti vya plastiki mia mbili. Watu kumi na mmoja, na kati yao wanne walikuwa waigizaji, na mmoja fundi wa umeme. Filamu ilianza, ikaisha. Blessing alipiga makofi peke yake. Leticia, mwanamke mpole mwenye begi la mgongoni, alisema mbele yao bila kuzunguka: "Kazi nimeipenda. Lakini kama nyumbani kwake haina watu, mimi Dar nitampelekea nani? Rudieni wiki ijayo, mnitumie video ya ukumbi. Nikiona watu, tutazungumza. Nisipoona, basi." Jioni hiyohiyo akapanda basi.

Manase alikaa kitini, kofia magotini. "Watu wa Tanga hawapendi sanaa," alisema.

"Watu wa Tanga hawakualikwa," alijibu Bi Mwanasiti, kwa dharau, lakini safari hii dharau ilimrudi mwenyewe. Aliona viti vile mia mbili vitupu, na akajua nani angeweza kuvijaza, na kwa nini hakuvijaza. Alitaka watu waje wenyewe, wamnyenyekee. Hakuna aliyekuja kumnyenyekea mtu ambaye hawakujua ana jambo.

Jumatatu alivaa baibui la kazi, akatoka. Lakini alitafuta ujanja.

"Hodi! Nimetumwa na Manase, Jumamosi ana shughuli yake, anakutaka."

"Manase gani?"

"Yule Mshambaa wa Raskazone."

"Anaoa?"

"Haoi. Anaonyesha filamu."

"Aa. Inshallah."

Nyumba sita, inshallah sita. Bi Mwanasiti alizijua inshallah zote za Mabawa, ile ya kuja na ile ya kufungia mlango, na hizi zote zilikuwa za mlango. Ya saba ilikuwa ya Tausi. Alitaka kuipita. Akasimama barabarani kama mgeni asiyejua njia, mwisho akagonga.

Tausi alitoka mikono imejaa unga. "Karibu. Shughuli ya nani?"

"Nimetumwa na…"

"Na nani?"

Jina la Manase lilikuwa tayari mdomoni. Halikutoka. Aliona uso wa Tausi, uso uleule wa kwenye simu, usio na haya hata chembe, na ghafla akauonea wivu.

"Yangu," alisema.

"Hebu sema tena, sijasikia vizuri."

"Yangu, Tausi! Nimeiandika mimi. Kila neno."

Tausi hakucheka. Alijifuta mikono taratibu kwenye kanga. "Miaka thelathini unanigongea mlango huu kwa mambo ya watu. Nimekwenda kwa watu nisiowajua hata sura, kwa sababu wewe ndiye uliyesimama hapo ukaniita. Leo la kwako mwenyewe unalipitisha na jina la Manase; nyumba zile sita zimeshanipigia simu. Wewe mwanamke, sisi unatuonaje?"

Jibu la kweli la Bi Mwanasiti lilikuwa baya. Aliwaona wajinga. Aliwaona watu wa kuitwa tu, waje wale, wanawe, waondoke. Iliuma kulisikia moyoni mwake, likiwa wazi hivyo, mbele ya Bi Matangazo.

"Rudi nyumbani ukatulie," alisema Tausi. "Ukijipitisha mwenyewe utatutia aibu. Naanza na hizo sita ulizoziharibu." Na kabla Bi Mwanasiti hajakataa, akatoa simu akampiga picha, mtandio umekaa upande na mdomo wazi, akaituma kwa wateja wake wote: *Bi Mwanasiti wetu ana shughuli yake. Atakayekosa asinisemeshe.* Bi Mwanasiti anaichukia ile picha mpaka leo.

Jumamosi saa kumi walikuja. Walikuja na udi na asumini, wamevaa vya harusi, na watoto mgongoni, na wengine na viti vyao kutoka nyumbani. Manase alikuwa ameandaa hotuba juu ya mwanzo, kati na mwisho wa hadithi. Aliambiwa akae. Taa zikazimwa, mapazia yakavutwa, naye akainua simu yake kurekodi.

Wanawake wa Mabawa hawatazami filamu kimya, na Bi Mwanasiti, aliyekalishwa mbele kwa nguvu, alikereka kwa mazoea. Walimwonya Mwanahawa. Walimtukana mavyaa. "Muongo huyo! Haumwi!" Mmoja alisimama akamwonyesha kidole Beatrisi wa kwenye filamu, ilhali Beatrisi mwenyewe amekaa nyuma yake. Kisha zikafika zile sahani tatu. Mwanahawa akazitazama. Akairudisha moja kabatini. Ukumbi mzima ukanyamaza. Nyuma mtu alivuta kamasi. Bi Mwanasiti hakugeuka, lakini alizishika pembe za mtandio wake kwa mikono miwili mpaka ikaisha.

Leticia aliichukua filamu ile, lakini hilo lilikuja wiki mbili baadaye, kwa simu, na kwa maneno machache. Siku ile kulikuwa na vigelegele tu, na majina yakipanda kwenye shuka jeupe lililotundikwa kuonyeshea filamu. Nasra, mwenye macho mazuri, aliwasomea wasiosoma haraka: "Imeandikwa na Mwanasiti Tahiri."

Kikongwe mmoja aliyeletwa na wajukuu, Bibi Mwanamkasi, akauliza kwa sauti, "Mwanasiti yupi? Mabawa wapo wengi."

Watu wakamgeukia Bi Mwanasiti. Tausi alikwisha fungua mdomo amjibu bibi. Bi Mwanasiti akamshika mkono, akamzuia, akasimama mbele ya watu wote, mwanga wa mashine ya filamu ukimpiga machoni.

"Ni mimi, bibi," alisema. "Nimeandika mimi."