Leo mgonjwa ndiye aliyenihudumia

Leo nimepitiwa na usingizi nikiwa nimeshika mkono wa mgonjwa.

Msicheke kwanza.

Mnajua huu mwaka wa tatu wa udaktari unavyotunyonya. Asubuhi nilitakiwa kumhoji bibi mmoja wa Bujora kabla madaktari hawajapita raundi wodini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamshika mkono nihesabu mapigo ya moyo.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoishia.

Nilichosikia baadaye ni sauti yake: "Mwacheni mtoto wa watu alale."

Nikafumbua macho. Kichwa changu kiko kitandani kwake, khanga yake iko mgongoni kwangu. Daktari bingwa amesimama pale, na wenzangu nyuma yake wameinamisha nyuso wasicheke.

"Haya, tueleze kuhusu mgonjwa," daktari akaniambia.

Nikafungua daftari langu: ukurasa mtupu.

Bibi akajibu yeye. "Hajala tangu jana. Usingizini anataja majina ya mifupa. Mama yake alipiga simu kutoka Bukoba, nikapokea mimi, anasema huyu akiwa na mawazo hali kabisa."



Daktari akanitazama. "Nenda kale, ukalale. Historia ya bibi utaniletea kesho."

Nimelala mpaka jioni. Kilichoniamsha ni simu ya mama. Sikuulizwa hata kama nimekula.

"Yule bibi yangu aliyepokea simu yako anaumwa nini?"

Jamani.

Bado sijamuuliza.