Chumba Kilichotulisha

Wiki iliyopita nilimpeleka mpwa wangu kutazama chuo anachotaka kujiunga nacho, kile kile alichosomea Mama hapa Minneapolis. Ghorofa ya pili tukapita mlango uliokuwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na viti vilivyopandanishwa hadi karibu na dari, na ukutani matundu ya misumari. Mpwa wangu akauliza, "What was in here, Auntie?" Nikamwambia, "Ofisi tu, twende." Nilimjibu upesi mno, na mpaka tunafika kwenye gari uso ulikuwa unaniwaka. Yeye sikuweza kumwambia, lakini wewe tumejuana siku nyingi, kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Hicho kilikuwa chumba cha mradi wa kuwasaidia wanafunzi kutoka visiwa vya Pasifiki: Samoa, Tonga, Mikronesia na kwingineko. Chuo kimeufunga muhula uliopita.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tunakaa New Hope, kitongoji cha Minneapolis, mimi na Mama tu, na yeye alikuwa akihudumia wazee usiku, akilala kwa saa tatu au nne tu, kisha anakwenda kusomea uuguzi. Hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, hivyo nikitoka shule tulipanda basi pamoja. Ofisi nyingine za kusaidia wanafunzi zilitaka miadi, na watoto hazikuwataka kabisa. Siku moja ya theluji tulikuwa tumeketi kwenye ngazi, Mama amefungua kitabu cha kemia huku machozi yakimlengalenga, akatokea mama mmoja mpana, mchangamfu, ua la kitambaa limechomekwa juu ya sikio. Akatuambia tuingie. Mama akajitetea kwamba sisi ni Wakenya. Yule mama akacheka, akasema pale haulizwi mtu ametoka bahari gani.

Alikuwa Msamoa na ndiye aliyeusimamia mradi. Kila mtu alimwita Anti, wakiwemo maprofesa.

Sheria zake zilikuwa mbili: vua viatu, kula kwanza. Alisema hesabu haiingii kichwani mwa mtu ambaye tumbo linamnguruma. Kazi yangu ikawa kupanga mabuti ya watu kwenye magazeti mlangoni na kupangusa theluji iliyoyeyuka, kazi niliyoifanya kwa ukali wa askari. Bomba la joto liligonga ukutani mchana kutwa. Kulikuwa na sufuria ya umeme ya wali, nyama ya kopo iliyokaangwa na vitunguu, na siku za Ijumaa nduma, yaani magimbi, zilizopikwa kwa tui la nazi. Mama alipoziona nduma alishika kiuno. "Kumbe hii kitu yetu iko na relatives!" akasema, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuje Amerika.

Mwanafunzi mmoja wa Kitonga, mwenye mabega ya kuziba mlango, ndiye aliyemfundisha Mama kemia, kwa kupanga punje za maharagwe mezani. Kabla ya kula waliimba, na wimbo wao uligawanyika sauti nne bila mtu kuelekeza. Siku moja Anti alimwomba Mama aombee chakula kwa Kiswahili. Unawajua mama zetu. Aliombea chakula, akaombea visiwa vyote, akaombea serikali, na alipofika amina wali ulikuwa umepoa, wala hakuna aliyelalamika.

Miaka miwili na zaidi tulikula pale. Mama akafuzu.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa kanisa letu kule Maple Grove. Anti alikuja, amebeba mashada ya peremende alizozifunga kwa utepe moja moja, kwa sababu kwao mhitimu huvishwa shada. Alikuwa mgeni pekee asiyejua Kiswahili, akaketi nyuma akitabasamu. MC, mzee mmoja wa kanisa mwenye maneno mengi, alikuwa amekwisha kutupasha joto. "Huyu dada hakubebwa na mtu!" alinguruma. "Hakuenda kuomba-omba kwa ma-office! Ni yeye na Mungu wake!" Watu wakapiga vigelegele. Kinamama wa kanisa letu walikuwa na kawaida ya kusema kwamba hizo programu ni za walioshindwa na maisha. Kisha MC akamwona Anti.

"Na huyu mgeni wetu ni nani? Wewe msichana, kuja hapa, mtambulishe."

Nilishika maikrofoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua vizuri sana yule alikuwa nani. Nilimtazama Mama, naye akatazama sahani yake.

"Ni jirani yetu," nikasema.

Watu wakapiga makofi. Anti naye akapiga, akidhani nimemshukuru. Akaja mbele, akamvisha Mama shada, akanivisha na mimi, akanikumbatia mpaka peremende zikalia kifuani. Nilitamani sakafu inimeze. Zile peremende hatukuzila.

Hadithi ya MC nikaichukua ikawa yangu. Niliiandika nilipoomba chuo, nikaisema kwenye usaili wa kazi huku Saint Louis Park, na vijana wa kanisa nikawahutubia kwayo zaidi ya mara moja: mama yangu, peke yake, bila msaada. Ukirudia jambo namna hiyo unaanza kuliamini.

Majira ya baridi yaliyopita Anti akaniandikia. Mradi unataka kufungwa, kutakuwa na kikao, na yeyote aliyewahi kusaidiwa aandike ukurasa mmoja usomwe mbele ya wakubwa. Nilimpigia Mama, ambaye sasa amestaafu na kurudi Kisii. Akasema, "Andika, mwanangu. Weka na jina langu, kubwa. Siku ile ya sherehe ningesimama mimi. Nikakuachia wewe, mtoto."

Nilifungua kompyuta. Niliandika jina langu na la Mama, nikakwama. Nikajiambia kwamba mimi si mtu wa Pasifiki, barua yangu ingesaidia nini. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba barua ile ingesomwa hadharani, na wote niliowahubiria wangejua tulilishwa. Kikao kikapita. Nasikia waliosimama kuutetea walikuwa wachache.

Kwa hiyo hakuna tena mabuti mlangoni wala nyimbo za sauti nne. Mtoto wa mwanafunzi akikaa kwenye zile ngazi leo, atakaa hapo mpaka mama yake amalize kulia. Sisemi barua yangu ingeokoa chumba. Nasema haikuwepo.

Jioni ile baada ya kumtembeza mpwa wangu, Mama alipiga simu. "Walifunga?" akauliza. Nikamwambia walifunga. "Lakini uliandika?"

"Niliandika, Mama."

Akashusha pumzi. Akasema angalau yule mama amejua hatukumkana. Alinishukuru, akanibariki, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto kama mimi, akaendelea kunishukuru mpaka bando zikamwishia.