Betri isiyotoa povu yamchanganya mchaji wa Manzese

Umeme umerudi mtaani baada ya mgao, na Talha Mwinyikondo hapotezi muda. Ameinama juu ya betri nne za gari zilizopangwa kwenye ubao uani kwake, Manzese. Anafungua vifuniko kimoja kimoja, anachungulia kila tundu na kuongeza maji pale yalipopungua. Kisha anaunga waya kutoka betri hii kwenda ile, zote zikawa mnyororo mmoja, na ncha mbili za mwisho anazipeleka kwenye mashine ya chuma inayonguruma kando ya ukuta.

Baada ya hapo anafanya kitu ambacho mgeni anaweza kukicheka. Anasogeza sikio karibu na betri, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

"Hii ya mwanzo imeanza kuongea," anasema. "Haikuwa na njaa sana."

Ni kweli, ukitulia unasikia mchemko mdogo ndani yake. Viputo vinapanda katika matundu na kupasuka. Mteja mmoja anaingia uani akiwa na sigara mdomoni, na Talha anamnyooshea mkono kabla hajasalimiwa.

"Braza, hiyo imalizie huko barabarani, tafadhali."

Mteja anarudi nyuma bila ubishi. Wakazi wa hapa wanajua kwamba mzee huyu hana mzaha na moto. Alipokuwa kijana kazini, mwenzake aliwasha kiberiti ili aone vizuri ndani ya betri iliyokuwa ikichemka. Hewa inayotoka humo ililipuka na kumrushia asidi usoni. Talha ndiye aliyemmwagia maji. Tangu siku hiyo ana masharti yake: vifuniko viwe wazi, upepo upite, moto ukae mbali, na mashine izimwe kwanza kabla ya kugusa waya.

Talha ana umri wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Kinondoni. Aliajiriwa katika karakana ya kampuni moja ya umma ya mabasi, chumba cha betri, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa miaka minne iliyopita. Mashine yake ya kuchajia aliipata hapo hapo, akakubali kuichukua badala ya sehemu ya kiinua mgongo chake.

Mwanzoni mkewe, Naima, alidhani mumewe amerukwa na akili. Leo anacheka akikumbuka. Nyumba nyingi za jirani hazina umeme, na tangu televisheni ianze kuonekana jijini mwaka jana, wenye seti ndogo wanaziendesha kwa betri za gari. Huletwa kwa mikokoteni, kwa baiskeli, nyingine kichwani juu ya kata ya kanga. Kila moja inachajiwa kwa shilingi mia tatu.

"Betri za gari nazijua kama viganja vyangu," anasema Talha. "Lakini hizi zinazokuja siku hizi, mie nimechoka nazo. Sijui hata nianzie wapi."

Anazungumzia betri ndogo nyeusi za taa za kuchaji, zilizojaa madukani tangu biashara ilipofunguliwa na mizigo ya Dubai ikaanza kumiminika. Moja ya betri hizo imo kwenye kopo la rangi, nyuma ya mlango. Imevimba pande zote mbili na kupasuka kwenye ukingo. Hataki kuitupa.

Betri hiyo ilitoka kwenye taa ya Benedicta Albano, muuguzi mkunga katika zahanati ndogo isiyo na umeme, jirani na hapo. Taa ilinunuliwa ili akina mama wasijifungue kwa mwanga wa kibatari. Waya wake wa kuchajia, aliokuwa akiuchomeka kwa jirani mwenye umeme, ulipoungua, muuguzi huyo aliileta kwa Talha. Nani mwingine angempelekea?

Talha aliifungua taa, akatoa betri na kuigeuzageuza. Haikuwa na vifuniko. Haikuwa na tundu hata moja. Hakuona mahali pa kuongezea maji wala pa kuchungulia. Alipoitikisa hakikucheza kitu ndani. Lakini ilikuwa na ncha mbili kama betri zote, hivyo akaiunga kwenye mnyororo pamoja na betri tatu za gari, akawasha mashine.

Anaeleza alivyowaza siku ile, na anaeleza polepole, akitaka aeleweke.

"Niliona hivi. Ukipanga ndoo chini ya bomba, ndoo ndogo hujaa mapema. Ikishajaa, maji yanamwagikia kwa jirani. Kwa hiyo nikasema hii ndogo itajaa kwanza, itachemka, nitaisikia, nitaitoa. Basi nikakaa nasubiri ichemke."

Haikuchemka. Betri za gari zilianza kutoa povu moja baada ya nyingine, ile ndogo ikabaki kimya. Kwa Talha, kimya kina maana moja tu: bado haijashiba. Akaiacha. Alipoigusa hatimaye, ilikuwa ya moto kiasi cha kumfanya arudishe mkono, na ubavu wake ulikuwa umetuna. Alikimbilia kuzima mashine, lakini ilikuwa imekwisha pasuka.

Habari zilimfikia Wilbert, fundi redio mwenye kibanda mbele ya nyumba. Wilbert ni Mnyamwezi wa Tabora, Talha ni Mzaramo, na kwa hiyo ni watani. Kwa watani, msiba ni sehemu ya kazi. Wilbert alifika uani amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, akaketi karibu na kopo na kuanza kulia.

"Uwiii, marehemu alikuwa mpole," aliomboleza, majirani wakijaa kumwangalia. "Hakusema na mtu. Mzaramo kamlisha mpaka kampasua tumbo."

Talha anasimulia kwamba alicheka kama wengine, maana utani hauna hasira. Alimjibu kwamba Wanyamwezi wamezoea kubeba mizigo, basi abebe na maiti hiyo akaizike kwao Tabora. Watu walipotawanyika, alimvuta mtani wake pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini kosa lilikuwa wapi.

Wilbert alivua kanga na kufikiri. Alisema anavyoona, betri ndogo haikupaswa kuungwa na kubwa. Ilitakiwa ichajiwe peke yake, kwa umeme mdogo. Umeme mdogo kiasi gani? Hapo alikiri hajui. Na mashine ya Talha, iliyotengenezwa kwa betri za mabasi, ingewezaje kutoa umeme mdogo? Hilo nalo hakulijua.

Talha aliichukua betri iliyovimba mpaka Kariakoo. Muuza duka aliitazama mara moja akasema ni feki, angenunua halisi isingepasuka. Wakati wa kurudi alipitiliza hadi Ubungo, kwa Projestus, fundi umeme aliyefanya naye kazi karakana, naye akamwambia kwamba betri za aina hiyo zikishakufa kabisa hazichajiki tena, hata angeifanyia nini. Watu watatu walikuwa wamempa majibu matatu, na wawili kati yao walisema kwa uhakika.

"Kama ni feki, mie sina kosa," anasema. "Kama ilikuwa imekufa, sina kosa vilevile. Lakini kama Wilbert ndiye mkweli, basi ni mkono wangu. Sasa nimwamini nani? Usiku nikilala naigeuza kichwani, naamka nimechanganyikiwa zaidi."

Mazungumzo yanakatizwa na hodi. Anayeingia ni Benedicta mwenyewe, gauni lake jeupe likiwa na vumbi la njiani. Ameshika mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, baba Rukaiya."

"Marahaba, sista. Habari za wagonjwa?"

Benedicta anajibu kwamba wote salama, kisha anatoa kitu mfukoni na kukiweka juu ya ubao. Ni betri ndogo nyeusi, mpya, mfano wa ile iliyo kwenye kopo. Anaeleza kwamba akina mama wanaohudhuria kliniki walichangishana wakainunua. Waya wa taa bado haujapatikana, wala hawana uwezo wa kununua taa nyingine. Juzi alizalisha kwa mshumaa, nta ikamdondokea mkononi, na leo kuna mama mmoja aliyeanza uchungu. Anaomba ichajiwe kabla ya giza.

Talha anaipokea kwa mikono miwili. Anaipapasa juu, anaipapasa ubavuni, kama anayetafuta kifuniko kilichofichwa. Anaitazama mashine. Naima ameacha kupepeta mchele, anamwangalia mumewe.

"Siwezi," anasema Talha.

"Mzee wangu, mie sikulaumu kwa ile ya kwanza. Ni bahati mbaya."

"Ndiyo hivyo, sista. Nami sijui kama ilikuwa bahati. Hii nikiiunga, nitakuwa nabahatisha na kitu cha watu."

Anamrudishia betri. Benedicta anaishika, asijue aiweke wapi.

Kisha Talha anaingia ndani. Anatoka amebeba betri ya gari, ile inayoendesha televisheni ndogo ya nyumbani kwake, isiyotumia umeme wa ukutani. Naima anaweka ungo chini. Kutoka kwenye sanduku la vifaa Talha anachukua balbu ya taa ya gari, anaifunga kwenye waya mrefu na kugusisha ncha. Balbu inawaka mchana kweupe, kali kiasi kwamba Benedicta anakinga macho.

Anampa maelekezo, kila neno kwa uzito. Betri ikae nje ya dirisha, isiingizwe chumba cha mama. Waya ndio upite dirishani. Jiko la mkaa liwe mbali nayo. Waya usiguswe kwa mikono yenye maji. Balbu ikianza kufifia, airudishe betri mara moja, yeye ataichaji bure.

"Taa yako siielewi, sista," anamwambia. "Hii naielewa."

Wilbert anaitwa kutoka kibandani aje kusaidia kubeba. Anakuja akilalamika kwamba Wazaramo wamemgeuza punda, lakini anaiinua betri kwa uangalifu, na wanaondoka pamoja na muuguzi kuelekea zahanati.

Naima anauliza, kwa sauti isiyo na ugomvi, watoto wataambiwa nini televisheni isipowaka. Talha anasema wataambiwa ukweli.

Anapanga kurudi mjini, safari hii siyo kwenye duka moja. Ataingia kila duka linalouza taa hizo, na pia ataulizia chuo cha ufundi kama wanampokea mtu mzima kwa somo moja tu. Haombi cheti.

"Wakiniambia ni mkono wangu, nitakubali," anasema, akirudi kwenye betri zake zinazochemka. "Wakiniambia ni betri, nitakubali pia. Nataka tu anionyeshe mtu, betri isiyosema kitu utajuaje imeshiba. Nikishajua, nitamwita sista alete ile yake."