Mkimbio Niliouacha Upite

Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa kriketi Louisville, mpira wa kwanza ulipita katikati ya miguu yangu. Nilikuwa mlinda wiketi, yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu kudaka anachokosa mpigaji. Nahodha wetu, Mhindi wa Mombasa, akaniita kwa Kiswahili ili wenzake wasielewe: "Bwana Hamisi, umekuja kuidaka mipira au kuisindikiza?"

Nikajifunza. Siku za kazi napanga maboksi ghalani, Jumapili nachuchumaa. Nilipohamia Columbus, mikono ilikuwa imekomaa kiasi cha kuchaguliwa timu ya jimbo la Ohio. Hapo tamaa ikaniponza. Vijana, mlinda wiketi wa kiwango changu hupiga mwishomwisho; mimi nikambana meneja anipandishe zamu, kama napatana bei ya mitumba. Akachoka, akaniweka wa tatu kupiga. Mpira wa kwanza tu, vijiti chini, nikatolewa bila mkimbio hata mmoja. Sifuri.

Meneja hakufoka. Alinipa maji. "Kunywa, umechoka."

Kuchoka na nini? Sikuitwa tena.

Buffalo ndiko nilikozeekea. Magoti yaliponishinda, wenzangu waliniombea nafasi katika mechi ya majimbo, tucheze na Ohio, nipate kuaga. Binti yangu Mwanaidi alikuja kutoka Kenmore; hakuwahi kuniona nikicheza. Nilipoingia kupiga, wapinzani walipanga mistari miwili, wakanipigia makofi nikipita katikati. Ndiyo heshima ya anayestaafu.

Kisha mrushaji wao, kijana wa kasi ya kutisha, akanirushia mpira laini kama anamlisha mtoto. Wadakaji wote walikuwa wamerudi nyuma makusudi. Ningeugusa tu na kutembea hadi upande wa pili, ningepata mkimbio wangu wa kwanza wa jimbo, na wa mwisho.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikauacha upite.

"Kijana, tupa kama unavyowatupia wenzako."

"Una hakika, mzee?"

"Tupa."

Huo sikuuona. Nilisikia vijiti vikianguka. Nikatoka kichwa chini, na safari hii hakuna aliyejua apige makofi au anyamaze.

Garini Mwanaidi akaniuliza, "Baba, si ungeuchukua ule wa kwanza?"

"Haukuwa wangu."

"Sasa umebaki na nini?"

Nikahesabu mara mbili. Sifuri ya Columbus, sifuri ya Buffalo. Hadi leo naona haya kuzitaja, lakini zote mbili nilirushiwa kwa kasi kamili.